Alinunua Pikapu ya Mamilioni, Mama Yake Akaomba Kurudi Kwenye Basi

Jina kapuni. Ila kama umepanda daladala Dar miaka hii ya karibuni, sauti yake umeisikia, na kiitikio chake unakijua hata kama hutaki. Jamaa si mtu wa makuu ukimlinganisha na wenzake. Kilichomshinda ni kitu kimoja tu: pikapu.

Siku aliyoiposti watu walisimamisha kazi. Dabo kebini nyeusi, rimu za inchi 18, viti vya ngozi, skrini ya katikati kubwa kama ya tableti. Chini ya picha aliandika maneno matatu: "Kwa ajili ya Mama." Mashabiki wakammwagia makopa. Wengine wakasema hiyo ni kiki, anataka kutoa wimbo. Kumbe safari hii hakukuwa na wimbo wowote.

Mama yake ni mkulima wa viazi na parachichi huko Njombe. Mwaka mmoja kabla ya pikapu alifanyiwa upasuaji wa mgongo Dar, na daktari akasema anataka kumwona kila baada ya miezi mitatu. Njombe hadi Dar ni kama kilomita 700. Mama alikuwa anakuja na basi, anashuka stendi akiwa amejikunja kama kisu cha kukunja. Kijana akasema haiwezekani. Yeye anajaza ukumbi, halafu mama yake anagombania siti?

Akaingia kwenye duka la magari. Akaoneshwa pikapu ileile kwa matoleo matatu. La kwanza la kazi: rimu za chuma, viti vya kitambaa, sakafu ya mpira. La pili la kati. La tatu ndilo hilo lenye kila kitu. Tofauti ya bei kati ya la kwanza na la tatu ingetosha kiwanja cha maana pembezoni mwa mji. Muuzaji akamwambia, "Bosi, kama ni la mama, chukua hili. Linaelea. Utadhani uko kwenye saluni." Akalizungusha Masaki, kwenye lami iliyonyooka, na kweli likaelea. Akalipa.

Safari ya kwanza alimfuata mama mwenyewe kijijini. Akamfungulia mlango wa nyuma, kwa sababu nyuma ndiko wanakokaa wakubwa. Bodi ilikuwa tupu, inang'aa. Kabla ya kuondoka alikuwa amepitia kituo cha mafuta, kijana wa pale akamjazia upepo 45 matairi yote manne. "Ukiwa na safari ndefu, tairi ngumu ndiyo salama, bro."

Kutoka kijijini mpaka lami ni barabara ya vumbi yenye mawimbi. Pale mama alikuwa bado anaongea. Makambako akapunguza. Baada ya Mafinga akanyamaza kabisa. Kila rasta alishika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Kitonga, kwenye kona za kushuka, kila nyuma ya gari iliporuka kidogo alifumba macho. Walipofika Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu, akauliza taratibu:

"Mwanangu, hapa mabasi yanasimama?"

"Yanasimama, Mama. Unataka maji?"

"Nataka basi."

Kijana akacheka. Mama hakucheka. Walimalizia safari na mito miwili, mmoja mgongoni na mmoja chini, na Dar mama alilala siku mbili kabla ya kwenda kliniki.

Miezi mitatu ikapita. Mama akapiga simu: asijisumbue kumfuata, daktari yuko semina, kliniki imesogezwa. Kijana alikuwa kwenye ziara ya mikoani, akashukuru kimoyomoyo. Wiki mbili baadaye nesi akampigia. Kwa nini mgonjwa hakuja? Daktari alikuwepo siku zote.

Hapo ndipo roho ilimshuka. Akampigia baba yake mdogo, ambaye wanaishi kijiji kimoja na mama.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Najua unachotaka kuuliza. Mama yako haumwi kichwa wala hajasahau. Anaogopa lile gari lako. Na kukwambia hawezi, maana ulishawatangazia watu kwamba ni lake."

"Sasa anatembeaje huko?"

"Anapanda hili la kwangu kila Jumamosi kwenda sokoni. Hajawahi kulalamika."

La baba mdogo ni pikapu ya kampuni ileile, singo kebini, toleo la chini kabisa, kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Kijana hakulala. Kesho yake saa kumi alfajiri alikuwa barabarani.

Jumamosi akapanda na baba mdogo, bodi ikiwa na magunia manane ya viazi ya kilo mia mia (si lumbesa, mzee alisisitiza). Njia ileile ya vumbi, mawimbi yaleyale. Gari likapita limetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Ukweli unauma, lakini la mzee lilikuwa laini kuliko lake. Wakashusha mzigo sokoni, wakarudi bodi tupu. Basi, likaanza kuruka kama mbuzi! Baba mdogo hakushangaa. "Likiwa halina mzigo ndivyo lilivyo. Mama yako hupanda wakati wa kwenda tu. Kurudi anatafuta noa."

Mchana huohuo wakayapeleka magari yote mawili kwa fundi mmoja Makambako, mtu mzima, mikono imeiva grisi. Hakufungua hata boneti. Akatandika boksi chini.

"Lala uangalie, bosi. Anza na la mzee, halafu la kwako."

Akalala na suruali yake ya bei. Nyuma ya yote mawili kulikuwa na kitu kilekile: springi za vipande, yale majani ya chuma yanayolaliana, zimefungwa kwenye ekseli moja nzito inayotoka tairi la kushoto hadi la kulia.

"Umeona?" fundi akasema. "Juu umenunua viti, skrini na rangi. Huku chini hujanunua kitu."

Na hapo, mdau, ndipo wengi hupigwa kwenye pikapu. Springi za vipande zimewekwa ili gari libebe karibu tani moja bila kukaa chini. Zikipata mzigo zinakandamizwa na mwendo wa gari unalainika. Zisipopata, hazina cha kuzikandamiza, kwa hiyo kila tuta linapanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa abiria. Toyota Hilux, kuanzia ile ya kazi mpaka ile ya ngozi, nyuma inakaa juu ya springi hizo. Ford Ranger kuanzia XL, ukapanda XLT, ukafika Wildtrak, ni hivyohivyo. Watengenezaji wanaweza kubadilisha shokapu au idadi ya vipande hapa na pale, lakini mfumo ni mmoja.

Kinachobadilika wazi ukipanda toleo ni matairi, na hayabadiliki upande ambao mtu angedhani. Chukua Ranger ya kizazi kilichoanza 2011. XL ilikuja na tairi la 255/70 R16. XLT 265/65 R17. Wildtrak 265/60 R18. Namba ya pili ni asilimia: urefu wa ukuta wa tairi ukilinganisha na upana wake. Ukipiga hesabu, ukuta wa XL ni kama sentimita 18, wa XLT 17, wa Wildtrak 16. Ule ukuta wa mpira na upepo ndio godoro la kwanza kati ya jiwe na mgongo. Rimu ikikua, godoro linapungua. Kwenye lami, ukuta mfupi unafaida: gari linaitikia usukani haraka na halilegei kwenye kona. Kwenye vumbi la Njombe, sentimita hizo mbili mama anazijua.

Kijana akauliza swali la mtu mwenye hela: lipo toleo ambalo huku chini ni tofauti? Lipo. Ranger Raptor, iliyotoka 2018, iliondoa springi za vipande nyuma ikaweka koili, na shokapu za Fox, na tairi la 285/70 R17 ambalo ukuta wake ni kama sentimita 20. Hiyo kwenye barabara mbovu ni habari nyingine. Nissan Navara ya NP300, ile dabo kebini, nayo ilikuja na koili nyuma, na haikuhitaji kuwa toleo la mbio. Lakini kila kitu kina bei yake. Raptor ile inabeba chini ya kilo 800 na kuvuta kilo 2,500, wakati Wildtrak inavuta 3,500. Ulaini umenunuliwa kwa mzigo.

"Niuze hili nichukue hiyo?" kijana akamwuliza mama jioni, baada ya kuomba radhi.

"Na viazi atabeba nani?" mama akajibu. Akanyamaza kidogo. "Mimi sikukataa gari, mwanangu. Nilikataa kurushwa."

Kesho yake fundi aliwapa dawa isiyozidi bei ya chakula cha mchana. Kwanza upepo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye safu mbili: upepo wa gari likiwa na watu wachache, na upepo wa gari likiwa limejaa. Kijana alikuwa na gari hilo karibu miezi minne, hajawahi kukisoma. Namba ya gari jepesi ilikuwa chini ya 35, yeye anatembea na 45. Wakapima asubuhi matairi yakiwa baridi, wakashusha mpaka pale pale kibandiko kiliposema. Si chini ya hapo, fundi akaonya, na siku ya mzigo wa kweli urudishe juu, maana tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo mkubwa linachemka na kupasuka.

Pili, magunia mawili ya viazi, yamesukumwa mbele kabisa ya bodi nyuma ya kebini, yamefungwa kamba. Kilo mia mbili tu, springi zikapata kazi. Faida nyingine akaiona mwenyewe waliposhika ule udongo mwekundu uliolowa mvua. Siku alipokuja, mkia wa gari ulikuwa unateleza kila kona, na kilichomwokoa ni ule mfumo wa kompyuta wa kuzuia gari kuserereka. Safari hii mkia ulifuata kichwa. Tusilionee toleo la juu: mfumo kama huo, kwa baadhi ya magari, matoleo ya chini yananyimwa. Ni kitu cha kuuliza dukani kabla ya kuuliza skrini.

Tatu ndiyo ilimchoma zaidi. Fundi alimwuliza mama anakaa wapi. Nyuma? Akatikisa kichwa. Kiti cha nyuma cha dabo kebini kimesimama wima na kiko karibu na ekseli inayoruka. Kiti cha mbele kiko katikati ya matairi, panaporuka kidogo kuliko kwingine, na kinalala. Tena kwenye gari lile, kiti kilichokuwa na umeme na cha kusukuma kiuno kilikuwa kimoja tu: cha dereva. Mama alinunuliwa gari, starehe akaikalia mtoto.

Safari ya pili kwenda kliniki mama alikaa mbele, kiti kimelazwa kidogo, khanga imekunjwa kiunoni. Kwenye vumbi kijana alitembea polepole, na kwenye rasta alipunguza kabla ya kufika, si akiwa juu yake. Baba mdogo alikaa nyuma, akilalamika kwa niaba ya wote. Makambako mama alikuwa anaongea. Mafinga alikuwa bado anaongea, sasa kuhusu mkwe. Kabla ya Iringa akalala.

Aliamka Ruaha Mbuyuni, gari lilipopunguza mwendo. Wauza vitunguu wakakimbilia dirishani, mmoja akamtambua msanii, akaanza kuimba kile kiitikio.

"Mama," kijana akasema, "hapa mabasi yanasimama."

Mama akatazama nje, akatazama bodi nyuma.

"Basi la nini? Nunua gunia la vitunguu uongeze huko nyuma. Lisije likakumbuka kuruka."

Dar, daktari alimkaripia kwa kukosa kliniki, kisha akamwambia mgongo unakwenda vizuri. Kijana alimpiga mama picha akiwa amesimama kando ya pikapu yenye vumbi, viazi na vitunguu, amenyooka. Hiyo hakuiposti.