Kozi ya Mirembe

Agosti 2007 nilikuwa kidato cha nne, Morogoro. Jumamosi moja asubuhi baba mdogo alipita nyumbani, akanikuta nafua sare. "Vaa viatu, unisindikize mahali." Hakusema wapi. Mwezi uliotangulia Rais Kikwete na Mama Salma walikuwa wamepima virusi vya UKIMWI hadharani, na redio zote zilikuwa na wimbo mmoja: nenda kapime. Tulipokata kona ya kwenye kituo cha kupimia ndipo nikaelewa.

Aliomba niingie naye. Mshauri nasaha alikuwa mama wa makamo. Alieleza taratibu zote, kisha akauliza, "Majibu yakija tofauti na unavyotarajia, mtu wa kwanza kumwambia atakuwa nani?" Baba mdogo ni mtu wa kijiweni, hakuna mada inayompita, kuanzia Simba na Yanga mpaka bei ya saruji. Siku ile aliangalia ndala zake. Yule mama hakumwongezea neno. Alifunika kalamu, akailaza juu ya faili, akatulia. Feni ilikuwa inalia kri, kri. Mimi naona zilipita dakika mbili nzima, ndipo baba mdogo akasema, "Mama." Nilidhani angemtaja mkewe.

Majibu yake hayahusu habari hii. Mimi iliyonikaa ni ile kalamu iliyofunikwa. Usiku nilichukua daftari la Historia, nikaligeuza nyuma, nikaandika mpango: kidato cha sita, chuo kikuu, saikolojia, ofisi. Neno saikolojia nilikuwa nimelisikia redioni tu. Hiyo ofisi nikaichora kabisa, na viti viwili na feni.

Nilipomwambia baba, alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo utahamia Mirembe?" Kwa asiyejua, Mirembe ni hospitali ya afya ya akili iliyopo Dodoma, lakini mtaani kwetu lilikuwa tusi. Mtu akiongea peke yake, Mirembe. Akivaa koti juani, Mirembe. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikaita ndoto yangu "kozi ya Mirembe", na mimi, kwa ubishi wa ujana, nikazidi kuishikilia.

Kidato cha tano nikaenda HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Sikuwa na hiari kubwa, kwa sababu hesabu za kidato cha nne nilipata F. Nilijifariji kwamba saikolojia ni maongezi, hesabu za nini?

Mwaka 2010 maombi ya vyuo yalianza kupitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Nilikaa intaneti kafe nikiwa na kitabu chao cha mwongozo, kurasa zimeshaota masikio. Nilikuta saikolojia imekaa ndani ya ualimu: Shahada ya Ualimu katika Saikolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Niliumia kidogo, maana sikuwa nimechora ubao wala chaki. Lakini ualimu ulikuwa kwenye kozi za kipaumbele za mkopo, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kunilipia ada. Nikabofya. Huo mkopo, tangu sheria ibadilishwe mwaka 2016, ulikuwa unakata asilimia 15 ya mshahara wangu kila mwezi, kwa hiyo kama kuna mtu anajua thamani ya kubofya kule ni mimi.

Wiki za kwanza chuoni, Mlimani, nilijua nimejidanganya. Nilisubiri kufundishwa jinsi ya kuongea na mtu mwenye majonzi. Nikafundishwa mbwa wa Pavlov, maabara ya Wundt iliyofunguliwa Leipzig mwaka 1879, panya wa Skinner. Halafu zikaja takwimu, yaani hesabu ile ile niliyoikimbia, sasa imerudi na jina jipya. Unapewa makundi mawili ya wanafunzi na alama zao, uambiwe kama tofauti iliyopo ni ya kweli au ni bahati tu. Jaribio la kwanza nilipata 9 kati ya 30. Sikumwambia mtu. Niliokolewa na mwenzangu wa bweni aliyesoma EGM, mchepuo wenye hesabu, ambaye alinifundisha kwa mihogo ya kukaanga: tunagawa mafungu mawili, tunapima, tunabishana kama muuza mihogo anapendelea. Mpaka leo nikiona jedwali la takwimu nasikia harufu ya mafuta.

Mwaka wa pili, kwenye kitini cha makuzi ya mtoto, kilichonakiliwa mpaka herufi zimefifia, nikakutana na mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Vitabu humtaja kwa majaribio yake ya Baltimore, ambapo mtoto huachwa chumbani na mgeni, mama akitoka na kurudi, naye mtafiti anatazama mtoto atafanya nini. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1954 na 1955, alikuwa Uganda, vijiji vya karibu na Kampala. Alikwenda kwa sababu mumewe alipata kazi huko. Alikuwa akiwatembelea akina mama 26 nyumbani kwao, kila baada ya wiki mbili, anakaa saa mbili hivi, na mkalimani wake pembeni. Aliwatazama watoto wanavyotambaa kumwacha mama, wanageuka kumwangalia, wanaendelea, wanarudi. Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967. Mimi nilikuwa nimesoma mwaka mzima nikiamini saikolojia imetoka Ulaya na Marekani imefungashwa tayari. Kumbe mojawapo ya nadharia zinazotajwa sana, ile ya mshikamano wa mtoto na mama, ilipata sehemu ya mizizi yake kwenye mikeka ya Waganda.

Jambo moja sikuliacha. Ainsworth aliona kwamba akina mama walioweza kumweleza habari za watoto wao kwa undani, vile vijambo vidogovidogo, ndio ambao watoto wao wengi walionekana kutulia.

Likizo nikaenda kwa bibi, Kilosa. Yeye ndiye aliyenilea tangu nina mwaka na nusu, mama alipokwenda Dar kutafuta kazi. Nikamuuliza siku ile ilikuwaje. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

"Ulikuwa na shati la njano, kifungo kimoja hakipo. Basi lilipoondoka hukulia. Ulilia jioni, ulipoona beseni la mama yako. Nikalificha uvunguni. Siku ya pili ukalitafuta, ukalipata, ukakaa ndani yake. Nikakuacha. Siku ya tatu ukaniomba uji humo humo ndani ya beseni."

"Ukanipa?"

"Sasa ningekunyima, mjukuu wangu?"

Niliporudi chuoni nilifungua lile daftari la Historia na kufuta ile ofisi. Sikuandika kitu kingine mahali pake.

Leo nafundisha Historia sekondari, na ni mwalimu wa malezi. Sina ofisi, nina benchi nyuma ya stoo ya vitabu na mwembe. Siku za mwanzo hakuja mtu, maana kuonekana pale kulitosha kukupatia jina. Sasa wanakuja wenyewe, wengine wakitumia maneno ambayo sisi hatukuwa nayo: msongo wa mawazo, sonona, afya ya akili. Maneno mengine wanayatumia ovyo, mtu kakosa simu tu anasema ana sonona. Sijali. Nafunika kalamu, nasubiri.

Julai 2025 yalipotoka matokeo ya kidato cha sita, mpwa wangu alikuja na simu yake. Amesoma CBG, amefaulu vizuri, na anataka saikolojia. Ameshaandika orodha ya vyuo, ada, na sifa za kujiunga. Nilimwambia ukweli: shahada ya kwanza haitamfanya tabibu, akitaka kutibu, asonge mbele mpaka uzamili wa saikolojia tiba, kama ule unaofundishwa Muhimbili. Na takwimu zipo, asidanganywe na mtu.

"Hesabu siogopi, mjomba," akasema. Akashusha orodha mpaka mwisho, palipokuwa na neno moja na alama ya kuuliza. "Hapa ndipo nilitaka ushauri. Mirembe wanapokea wanafunzi wa mazoezi kuanzia mwaka wa pili, au mpaka wa tatu?"

Baba yangu, ambaye sasa ni mzee na masikio yanamsumbua, alikuwa amekaa kibarazani. "Anasema anataka kwenda wapi?" akauliza.

"Mirembe, babu," mpwa wangu akajibu kwa sauti ya juu, mpaka jirani akachungulia.