Tukishuka Bandarini Unguja, Twende Wapi?

Leo sikuletei habari za mlima wetu, bali habari za sisi watu wa mlima tulipokwenda kuonana na bahari. Najua kwamba wengi wenu huku Kilema, Marangu, Kibosho na Machame mmeiona theluji ya Kibo tangu utotoni, lakini bahari mmeiona katika picha tu. Nyumbani kwangu ilikuwa vivyo hivyo. Hata baada ya kuweka akiba kidogo kidogo, ya mshahara wangu wa ukarani wa parokia na ya fedha za ndizi alizouza mke wangu sokoni, tukasema: Desemba hii tutapanda meli twende Unguja.

Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi aliyekwisha kupita miaka sabini, na watoto watatu. Siku zetu kisiwani zilikuwa chache, na fedha za matembezi ya kulipia zilitosha mara mbili tu. Meli kubwa za watalii zikitia nanga Unguja au Mombasa, abiria huwa na saa chache nchi kavu, nao hupewa orodha ya matembezi ili wachague. Nilidhani shida hiyo ya kuchagua ni ya matajiri. Kumbe maskini ndiye anayechagua kwa taabu zaidi, maana akikosea hana fedha ya kujaribu tena. Ndiyo sababu nimeona vema kuwaandikia.

Shaurianeni kabla ya kuondoka

Chuo cha ualimu kilinifundisha kuandika andalio la somo, na tabia hiyo haijaniacha. Nikachukua karatasi, nikachora safu: mahali, muda, gharama, faida. Watoto wakasema wanataka kuona kobe wakubwa. Mke wangu akasema anataka kuona mkarafuu, maana karafuu anazinunua kila Krismasi na hajui zinaotaje. Mimi nikataka kuona majumba ya kale. Nikajaza karatasi yangu, nikaridhika. Kosa langu katika karatasi ile nitalieleza mbele.

Mwezi wa safari nao una maana yake. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma, na mawimbi huwa makubwa. Desemba kaskazi huanza, na mara nyingi bahari ni tulivu zaidi. Sisi tuliondoka mapema katika mwezi huo. Mabasi ya kupanda Moshi yalikuwa yameanza kujaa watu wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, na sisi twashuka peke yetu kama waliosahau kitu pwani. Njia ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, basi laleni huko usiku mmoja, msiunganishe basi na meli siku moja mkiwa na watoto na wazee. Na kila mtu mzima achukue kitambulisho chake.

Baharini

Meli tuliyopanda iliandikwa ubavuni jina la Kilimanjaro, kama zilivyo nyingi zinazokwenda Unguja. Mama alipoambiwa jina hilo akacheka: "Nimeushuka mlima, sasa nataka kuupanda tena majini!" Safari ni ya muda wa saa mbili hivi.

Asubuhi ya safari msile chakula kizito. Mtori ni chakula chema, lakini si cha siku hiyo. Kaeni katikati ya meli, upande wa chini, ambako hakuyumbi sana, na mtazame mbali, mahali mbingu inapokutana na maji. Tangawizi ya kutafuna husaidia. Mtoto wetu wa pili alitapika mara moja, akalala, akaamka mzima.

Mkishaketi, tazameni yalipo majaketi ya kuokolea, mwonyeshe kila mtoto. Si jambo la kuogopesha, ni la akili. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na Julai 2012 ikazama Skagit iliyotoka Dar es Salaam; watu wengi wakapotea. Mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, ngojeni kingine. Heri kuchelewa.

Matembezi yaliyopo

Mkishuka tu bandarini, mtapokewa na vijana wengi wenye maneno matamu. Mmoja alitaka kutupeleka mahali patatu kwa siku moja kwa bei moja. Nikahesabu saa, nikaona nusu ya siku ingeishia garini. Wajibuni kwa adabu, kisha mwende mkapumzike kwanza. Bei hupatanwa vizuri na mtu asiye na njaa wala mzigo kichwani.

Kisiwa cha Changuu. Ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mashua kutoka mjini. Kuna jengo la gereza lililojengwa miaka ya 1890, lakini halikufungwa wafungwa. Kisiwa kilitumika kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Kobe wake wakubwa asili yao ni Shelisheli. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919. Ni mahali pazuri kwa watoto. Ulizeni kama bei ni ya mtu mmoja au ya mashua nzima, na kama kiingilio kimo ndani yake. Jueni pia kwamba kupanda na kushuka mashuani huenda mkalowa mpaka magotini.

Mashamba ya viungo. Yapo mengi upande wa Kizimbani. Mgeni wa Ulaya hustaajabu kuona tangawizi na mgomba. Mtu wa kihamba atajiuliza kwa nini alipe fedha aonyeshwe mgomba! Lakini mkarafuu ni kitu kingine. Vikonyo vyake huchumwa kabla ya ua kufunguka, kisha huanikwa juani kama tuanikavyo kahawa yetu.

Msitu wa Jozani. Uko kusini, yapata kilomita 35 kutoka mjini, na ndiko waliko kima punju ambao asili yao ni Unguja. Huhitaji gari na nusu siku. Kwa sisi tuliozoea mbega wa msituni kwetu, nilipaacha pasipo majuto.

Fukwe za mashariki, kama Paje na Jambiani. Kabla ya kukodi gari, ulizeni maji yatajaa saa ngapi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hutoka yakaenda mbali kabisa. Mtu asiyejua atafika na watoto wake wenye hamu ya kuoga, akute mchanga na mwani tu.

Mji Mkongwe. Huu hutembewa kwa miguu, na kutazama hakulipiwi. Ngome Kongwe ipo karibu na bahari. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Tulilitazama kwa nje. Kanisa la Minara Miwili lilijengwa miaka ya 1890. Niliwaambia watoto wangu kwamba mapadre walifika Unguja mwaka 1860, wakavuka Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka pwani hiyo wamisionari wakapanda mpaka Kilema mwaka 1890. Mbegu za kahawa nazo zilikuja kwetu kwa mikono ya wamisionari hao. Basi bahari ile tuliyoiona ngeni ilikwisha kutufikia mlimani zamani. Jioni tulikwenda Forodhani, tukala mishkaki na urojo, tukanywa maji ya miwa. Na jambo la adabu: vaeni nguo za heshima mjini, na wakati wa Ramadhani msile wala kunywa njiani mchana.

Neno la Mama

Kobe tukawaona, watoto wakafurahi kupita kiasi. Ikabaki asubuhi moja tu kabla ya meli ya kurudi. Katika karatasi yangu asubuhi hiyo ilikuwa ya mashamba ya viungo, na Mama nilimwandikia "kupumzika".

Usiku ule, watoto walipokwisha kulala, Mama akaniuliza: "Mwanangu, pale walipouziwa watu ni mbali?"

Nikamwambia si mbali, ni Mkunazini, dakika chache kwa miguu. Lakini nikaongeza kwamba ni mahali pa huzuni, na watoto wataogopa, na magoti yake yamechoka.

Akasema: "Mimi nataka kusimama pale kidogo tu. Tangu Moshi nimekuwa nikingoja mniulize."

Nikanyamaza. Ni kweli, nilimwuliza hata mtoto wa miaka sita, lakini mama yangu nilimhesabu pamoja na mizigo: wa kubebwa, si wa kuulizwa. Mke wangu ndiye aliyenitoa katika aibu. Akasema: "Baba, mkarafuu hauhami. Soko la Darajani liko jirani na Mkunazini. Nitanunua karafuu zangu pale. Kesho twende na Mama."

Mkunazini

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana mahali pale pale. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, naye alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare liko duara la marumaru sakafuni. Husemwa kwamba hapo ulikuwa mti wa kuwachapia watumwa. Watoto walionyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, ambazo husimuliwa kwamba mafundi walikosea Askofu alipokuwa hayupo. Wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamepata kicheko kabla ya yale mengine.

Nje liko shimo lenye sanamu za watumwa watano waliofungwa mnyororo shingoni. Pale Mama akasimama. Akafungua pindo la khanga yake, akatoa jani la isale, limekauka kidogo. Alilichuma kihambani siku ya safari bila kutuambia. Nanyi mwajua jani hilo kwetu ni la amani na la kuomba radhi.

Ndipo akawasimulia watoto habari ambayo mimi mwenyewe sikupata kuisikia. Zamani za vita vya wamangi, kabla ya wamisionari kufika, msichana wa ukoo wetu alitekwa akienda kuteka maji. Waliomteka hawakuwa watu wa pwani, walikuwa watu wa mlima huu huu. Wakamwuza kwa msafara uliokuja kutafuta pembe. Hakuonekana tena. Kama alifika Pangani, au Mombasa, au alifia njiani, hakuna ajuaye.

Mtoto wetu mkubwa akauliza: "Bibi, basi jani hili ni la kuwasamehe Waarabu?"

Mama akajibu: "Ni la kumwomba yeye radhi, mjukuu wangu. Sisi ndio tuliomtoa."

Akaliweka jani ukingoni mwa shimo. Mlinzi mmoja alituona, akageuka pembeni, hakusema neno. Vyumba vya chini Mama hakushuka. Nilishuka na mtoto mkubwa peke yake, na wadogo wakabaki na mama yao. Vyumba ni vifupi, mtu mzima huinama. Tulikaa Mkunazini saa moja na nusu. Kisha tukaenda Darajani kununua karafuu, tukawahi meli.

Basi uchague namna gani?

Msomaji mpenzi, sitakuambia kwamba watoto wangu wamesahau kobe wakakumbuka Mkunazini tu. La, kobe ndio wanaosimuliwa kila siku. Lakini ukoo ulipokusanyika kihambani siku ya pili ya Krismasi, mtoto wangu mkubwa aliwasimulia binamu zake habari za yule msichana, na wazee waliokuwapo wakaacha vibuyu vya mbege wakasikiliza. Wawili kati yao walikuwa na kipande cha habari hiyo ambacho Mama hakuwa nacho.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kwa siku moja, chagua jambo moja kubwa la kulipia, na nusu ya siku iache kwa miguu yenu. Usilipe kuonyeshwa kitu unacholima mwenyewe. Uliza saa ya maji kabla ya kuuliza bei ya gari. Watoto wapate lao. Na kabla ya kujaza karatasi yako, anza kwa kumwuliza yule aliye mkubwa kuliko wote nyumbani, hata kama hasemi kitu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu mimi niliyedhani najua.

Safari njema.