Kipindi Kikiisha, Mazungumzo Yaanze

Jumamosi moja jioni nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba kwa kusimama wodini, nikaketi mbele ya televisheni na kikombe changu cha chai. Binti yangu wa miaka 13 alikuwa kando yangu akichambua mchele. Kilikuwa kipindi cha mazungumzo. Mama mmoja alikuwa akimsimulia mtangazaji jinsi binti yake alivyopata mimba akiwa bado shuleni. "Sikuwahi kumweleza lolote," alisema huku akilia. Nami nikafuta machozi, nikasema, "Maskini, mama wa watu!"

Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwani alitakiwa amweleze nini?"

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi. Kanisani kwetu ndiye ninayewafundisha mabinti wakubwa juu ya hedhi, mimba na kujitunza. Lakini jioni ile nilimjibu, "Hebu nenda kaangalie maharage yasije yakaungua." Akaenda. Maharage yalikuwa hata hayajachemka.

Sivilaumu vipindi hivi. Navipenda, na najua wengi wenu mnavipenda. Oprah Winfrey aliendesha chake kutoka Chicago kuanzia 1986 hadi 2011, na watu wa nchi nyingi wakamsikiliza. Siku hizi tunavyo vya kwetu, kwa Kiswahili chetu. Mwanamke aliyedhani yu peke yake katika taabu yake humwona mwenzake akiisema wazi, akapata nguvu. Kasoro niliyoiona ni yangu mwenyewe: nililia na mama wa kwenye televisheni, kisha nikamfukuza mtoto wangu aende jikoni.

Usiku ule nilimkumbuka marehemu mama yangu. Alipenda kutusimulia habari za mwaka 1973, Radio Tanzania ilipotangaza kampeni ya "Mtu ni Afya". Televisheni Tanzania Bara haikuwapo. Tuliiona kuanzia 1994. Majirani walikusanyika kwenye redio moja, wakiwa na kiongozi wa kikundi na kijitabu chao. Walisikiliza habari za malaria, kichocho, minyoo na kuhara. Kipindi kikiisha, hakuna aliyeondoka. Waliulizana: je, haya yapo hapa kwetu? Tutafanya nini? Wiki iliyofuata watu walishika majembe wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba. Watu wapatao milioni 2 nchini walishiriki katika vikundi hivyo.

Mama hakukumbuka hata jina la mtangazaji. Alikumbuka nani alichimba choo na nani alikaidi mpaka wenzake wakamcheka!

Basi kesho yake, baada ya chakula cha jioni, nilizima televisheni nikamwita binti yangu chumbani. Nikamwambia, "Jana uliniuliza swali, nami nikakukwepa. Niulize tena." Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mama, tumbo likiuma kila mwezi ni ugonjwa?"

Alikuwa amevunja ungo miezi miwili iliyopita. Pedi alikuwa akipewa na rafiki yake wa shule. Mimi, ninayejua joto na mapigo ya moyo ya kila mgonjwa wodini kwangu, sikujua. Nilimkumbatia, nikamwomba msamaha, tukazungumza mpaka baba yake akabisha hodi kuuliza kama tumehama nyumba.

Tangu siku hiyo tumejiwekea desturi. Kipindi kikiisha, televisheni huzimwa kwa robo saa, na kila mmoja huuliza swali moja. Mengine ni ya kuchekesha. Mengine hunitoa jasho, hasa anapouliza mdogo wake wa kiume, lakini silikwepi hata moja. Nisilolijua nasema nitaenda kuuliza. Ningefurahi redio na televisheni zetu za taifa zikitusaidia kwa kutupa mwishoni mwa kipindi maswali mawili matatu ya kuzungumza nyumbani, kama walivyofanya wazee wetu. Lakini tusiwangojee.

Nimeandika haya kwa ruhusa ya binti yangu. Aliposoma alisema nisisahau kuwaambia kwamba yale maharage, siku ile, yaliungua kweli baadaye, maana mimi nilikuwa nimerudi kutazama televisheni.