Kile Kidude cha Alumini

Likizo ndefu ya mwaka wa kwanza niliimaliza gereji, kwa mjomba wangu, Tabata. Wenzangu walikwenda kwao mikoani. Mimi bumu lilishakata, na mjomba alikuwa anatoa hela ya kula na nauli. Nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati, kwa hiyo mafundi walinibatiza jina la Ticha. Kitu cha umeme kikiwagomea utasikia, "Mwiteni Ticha, hiyo ni ya kwao." Nami naenda kifua mbele.

Basi ikaja Caldina moja nyeupe. Mwenyewe ni kijana mwenye duka la simu, anataka ifungwe tabo. Kwa ambaye hajawahi kuiona, tabo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inasukuma hewa kuingia ndani kwa nguvu. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi, la sivyo joto linapanda na pistoni zinaweza kutoboka. Nozeli za gari lisilo na tabo ni ndogo kwa kazi hiyo. Kwa hiyo unabadilisha nozeli, na unabadilisha kontroli boksi, ile kompyuta inayoziamuru nozeli zifunguke lini na kwa muda gani. Muda wenyewe ni milisekunde chache tu kila mara.

Halafu zinakuja nyaya, na hapo ndipo nilipokabidhiwa kazi. Kila nozeli ina waya mbili. Mmoja unapata chanya mara tu ukifungua swichi. Wa pili unakwenda kwenye kontroli boksi, ambako kuna transista inayofanya kazi kama swichi: ikiuunganisha na hasi, nozeli inafunguka, ikiuachia, inafunga. Silinda nne, nozeli nne, transista nne.

Mjomba alinunua vitu vyote Gerezani, vimetoka kwenye injini moja ya zamani ya tabo: nozeli, kontroli boksi na mkia mrefu wa nyaya. Kwenye huo mkia kulikuwa kunaning'inia kidude cha alumini, ukubwa wa nusu kipande cha sabuni, kina mapezi mgongoni na waya tano.

Siku ya tatu mjomba akapata msiba Tanga. Akaniambia, "Mjomba, wewe endelea kuunga waya. Ila usiwashe mpaka nirudi." Nikasema sawa.

Niliunga kwa siku mbili. Nilichora karatasi, pini kwa pini, rangi kwa rangi. Nikalehemu kila kiungo na kukivisha mpira. Kwa kweli ilikuwa kazi safi. Shida ikabaki kile kidude, kwa sababu kwenye Caldina hakikuwa na mwenzake. Nyaya zake za zamani zilikuwa zinafika kwenye nozeli moja kwa moja, na soketi ziliingia bila ubishi. Nikajiambia hiki kitakuwa cha mambo mengine ya lile gari la zamani. Nikakikata, nikakiweka juu ya sanduku la spana.

Ijumaa jioni mwenye gari akapita. "Ticha, washa basi tusikie." Ningeweza kumwambia mjomba amekataza. Lakini mafundi wawili walikuwa wamesimama pale pale, na mimi nilitaka sana waone. Nikawasha.

Ikawaka, tena kwa mara moja. Nikakanyaga mafuta, tabo ikapiga mluzi, kijana akatoa simu akaanza kurekodi. Zilipita kama dakika kumi hivi. Kisha injini ikaanza kutetemeka, na chini ya dashibodi ikatoka harufu ya plastiki inayoungua. Nikazima. Tulipotoa plagi ya silinda ya tatu ilikuwa inachuruzika petroli. Transista moja ilikuwa imeungua ikabaki imejifunga, na nozeli yake ikawa kama bomba lililoachwa wazi. Fundi mmoja akanishika mkono nisipige stata tena. Petroli haibanwi kama hewa. Silinda ikijaa, ukilazimisha, mkono wa pistoni unaweza kupinda, na hapo ungekuwa umeua injini nzima.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na uongo tayari, tena uongo mzuri. Kontroli boksi ni ya mtumba, nani anajua ilikotoka? Mjomba angemrudia muuzaji, wangegombana huko, na mimi ningebaki kuwa Ticha. Kilichotakiwa ni kile kidude kisionekane tu. Kilikuwa kinaenea mfukoni, na mtaro uko nyuma ya gereji.

Jumapili mjomba aliporudi, kidude kilikuwa mfukoni kweli. Sijui niseme ni ujasiri au ni woga wa kukamatwa. Nilikitoa nikakiweka mezani, nikaeleza yote, na kwamba niliwasha.

Hakufoka. Akachukua mita ukutani akanipa. "Pima nozeli ya Caldina yenyewe." Omu 14. "Haya, pima ya tabo." Omu 2.5.

"Umeona? Hii ya tabo inakunywa sana umeme. Ya zamani hii, kubwa, wameifanya hivyo ili iwahi kufunguka. Sasa usipoiwekea breki, inakunywa mpaka inaunguza kontroli boksi. Breki yenyewe ndiyo hii uliyoikata." Nikapima kidude. Ndani yake mna rezista nne, moja kwa kila nozeli, kila moja omu 6.

Mjomba ameishia darasa la saba. Hajawahi kusikia kwamba kulikuwa na Mjerumani anaitwa Georg Ohm aliyechapisha kanuni hiyo mwaka 1827. Mimi namjua. Hesabu zake nimezipiga tangu kidato cha pili, na sikumbuki kukosa hata moja. Gari likiwa linaunguruma umeme wake ni kama volti 14. Gawa kwa 14, unapata ampia 1, na kontroli boksi inavumilia. Gawa kwa 2.5, unapata ampia 5.6. Ongeza rezista ya omu 6, unagawa kwa 8.5, mkondo unashuka hadi kama ampia 1.6. Ndiyo hesabu yote. Mtoto wa kidato cha pili anaimaliza kabla kengele haijalia.

Na mita ilikuwa inaning'inia pale ukutani siku zote mbili.

Nimelifikiria sana jambo hili, na nadhani linatuhusu wote tunaosomea ualimu. Kwenye mtihani namba unapewa. Swali lenyewe, kwa Kiingereza, linakwambia hapa kuna ukinzani kiasi fulani, tafuta mkondo. Kwenye Caldina hakuna aliyenipa namba, wala hakuna aliyeniambia kwamba hili ni swali la Ohm. Mimi nilifundishwa kujibu vizuri sana. Kuuliza sikufundishwa, na sikuwahi kuona kama nimepungukiwa.

Kontroli boksi nyingine iligharimu laki tatu na nusu. Mjomba alilipa, nusu nikamrudishia kutoka kwenye bumu la mwaka wa pili, na mnaonikumbuka nikila chapati maharage asubuhi na jioni, sababu ndiyo hiyo. Mwenye gari nilimweleza mwenyewe, mjomba akiwa amesimama pembeni. Gari likafungwa upya, na breki zake, likaondoka zima. Ila yule kijana hakuniita Ticha tena. Alisema "asante, dogo."

Mwaka uliofuata nikaenda mazoezi ya kufundisha, nikapewa kidato cha pili. Siku ya kanuni ya Ohm sikuanza na ubao. Niliweka mezani nozeli mbili, ile kontroli boksi iliyoungua na mita ya mjomba. Nikauliza: kati ya hizi mbili, ipi imeunguza hii? Kimya. Wakaanza kubahatisha, kubwa, ndogo, ile chafu. Kisha binti mmoja nyuma akanyoosha mkono, akaniomba radhi kwanza kwamba atasema kwa Kiswahili. "Ticha, kwani si tupime?"

Nilipitiliza kipindi kwa dakika kumi na notisi hazikuisha. Msimamizi alinikata alama, na sikubisha. Lakini kesho yake yule binti alinifuata nje ya ofisi ya walimu ameshika tochi ya kwao iliyokufa, anauliza ile mita kama bado ninayo.