Funguo za Vyumba Viwili

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Msomaji mpendwa, kwetu hapa Lodwar methali hiyo ndiyo chakula chetu. Nyuma ya nyumba yetu kuna vyumba viwili vya mabati ambavyo Mama huvikodisha kwa usiku mmoja mmoja, navyo ndivyo vilivyonilipia karo tangu kidato cha kwanza. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, basi nikitoka shuleni ndimi meneja. Nafagia mchanga (mchanga wa Lodwar hauishi, ukiufagia asubuhi jioni umerudi), nafua mashuka, nachota maji, nashona neti za mbu zilizotoboka, kisha naandika daftari la wageni.

Wageni hawakosi. Mji huu uliwazoea zamani. Mzee Jomo Kenyatta alikaa hapa kuanzia 1959 hadi 1961, ingawa yeye hakuja kwa hiari yake, wala sidhani alidaiwa kodi. Tangu kambi ya wakimbizi ya Kakuma ianzishwe mwaka 1992, watu wengi hupitia kwetu wakielekea huko, mwendo wa kilomita 120 hivi. Wengine wanaenda kuona Ziwa Turkana. Lakini wiki ya Tobong'u Lore, tamasha la utamaduni wetu, ndiyo funga kazi! Mji hufurika, hata godoro la sakafuni hupata mteja. Kila mgeni ana maswali mawili: maji yapo? Feni ipo? Na feni tunayo moja tu.

Wiki hiyo Mama alikuwa Kakuma akiuza samaki wakavu. Alinipigia simu akaniambia, "Chumba cha feni usimpe mtu. Alhamisi anakuja mama mmoja Mkongomani kutoka kambini, analeta mtoto hospitali. Ameshanilipa mia nane." Nikaandika jina lake daftarini.

Alhamisi ikafika. Jua likatua, mgeni haonekani. Saa moja usiku akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Kitale, amezunguka mji mzima hajapata pa kulaza ubavu. "Kijana, nakupa elfu mbili sasa hivi." Wacha niseme ukweli. Nilikuwa na salio la karo na mtihani ulikuwa mlangoni. Nikajiambia kwamba yule mama amenyimwa kibali cha kutoka kambini, au gari limekwama. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijitungia mwenyewe. Nikalikata jina lake, nikaandika la bwana yule, nikampa ufunguo.

Saa tatu na nusu bodaboda ikasimama langoni.

"Mama yako alisema iko chumba," alisema yule mama, sauti imekauka kwa vumbi. Mtoto aliyekuwa mgongoni alichemka kama jiwe la mchana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu, kwamba Mama alisahau kuniambia. Sijui kwa nini haukutoka. "Chumba nimempa mtu mwingine," nikasema.

Hakunigombeza. Aliketi juu ya mkoba wake akaanza kumpepea mtoto kwa leso. Afadhali angenizaba kofi! Nikaenda kubisha mlango wa chumba cha feni. Yule bwana akajibu bila kufungua, "Kijana, mimi nimelipa." Na kweli alikuwa amelipa.

Nikawapa kitanda changu, nikalowesha shuka nikalitundika dirishani, tukapokezana kumpepea mtoto kwa kipande cha katoni. Kulala nje si taabu kwetu, joto hutufukuza ndani karibu kila siku, ila usiku huo nililala macho wazi nikisikia feni ikizunguka upande wa pili wa ukuta. Alfajiri nikawasindikiza hospitali. Ilikuwa malaria, mtoto akalazwa.

Mama aliporudi Jumamosi alilisoma daftari kimya. "Hizo elfu mbili ziko wapi?" Nikamkabidhi. Alihesabu mia nane akamrudishia mwenyewe kule wodini, zilizobaki akanunua maziwa na unga wa uji, ambao nilibeba kila jioni mpaka mtoto alipotoka. Salio la karo likabaki pale pale.

Nilitaka kuichana karatasi ya Alhamisi ile. Mama alikataa. Mpaka leo kila mgeni anayefungua daftari huliona jina lililokatwa, na juzi mmoja aliniuliza, "Huyu naye hakuja?" Nikamwambia alikuja.