Nilichokisikia Nikimsuka Binti Yangu

Jumatatu tatu mfululizo binti yangu aliamka akilalamika tumbo. Alikuwa na miaka minane, na ilikuwa miezi mitano tangu tuhamie Bergen, magharibi ya Norway, kutoka Tanga. Jumamosi na Jumapili tumbo halikuwa na habari. Alikula, alicheka, aligombana na mdogo wake kwa ajili ya rimoti. Ikifika Jumatatu saa moja asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, tumbo hilo.

Daktari alimpima, hakuona kitu. Basi nikafanya kile ambacho wazazi wengi wa kwetu wangefanya. Nikamkalisha mezani, nikamtazama usoni, nikamuuliza: "Una nini wewe? Sema!" Akanyamaza. Nikapunguza sauti, akanyamaza. Nikaleta biskuti. Biskuti akala, jibu hakutoa.

Shule ya hapa huwa na muuguzi wake, na katika shule yetu ana saa zake ambazo mtoto anaweza kugonga mlango bila barua ya mzazi wala mwalimu. Safari hii aliniita mimi. Hakuniuliza habari za tumbo. Aliniuliza: "Nyumbani huwa mnafanya nini pamoja?" Nikaanza kuhesabu: nampikia, namfulia, nakagua daftari zake, nampeleka shule. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba hizo zote ni kazi ninazomfanyia mtoto, na yeye aliuliza tunafanya nini pamoja. Sitaficha, nilitoka mle nimekasirika. Mtu ambaye hajawahi kupika wali wa nazi ananifundisha malezi!

Jumamosi iliyofuata nikamkalisha sakafuni katikati ya miguu yangu, kitana mkononi na mafuta ya nazi pembeni, nimsuke twende kilioni, maana nilikuwa nimechoka na sikutaka msuko wa mbwembwe. Mstari wa tatu haujaisha, akaanza kusema mwenyewe, uso ameuelekeza dirishani. Wakati wa mapumziko wenzake hucheza mchezo ambao sheria zake hazijui. Akiuliza, lugha inamkwama. Kwa hiyo husimama karibu na baiskeli mpaka kengele ilie. Kila siku. Na Jumatatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu wiki nzima bado iko mbele.

Mikono yangu ilitaka kusimama, nikailazimisha iendelee kusuka. Nilijua nikimgeuza nimtazame, maneno yatarudi yalikotoka.

Usiku ule nilikumbuka kwamba mama yangu hajawahi kunikalisha aniulize ninavyojisikia. Nimekulia Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zenye namba, katika nyumba yenye baraza mbele na jiko la mkaa uani. Hata hivyo mambo yangu yote yalijulikana. Yalitoka nikiwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, au nikichambua mchele kwenye ungo huku bibi akimenya vitunguu. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzake. Kwa utani ule wa bibi na mjukuu niliweza kumwambia jambo ambalo kwa mama lingeniletea kofi. Hakuwa akinitazama, alikuwa akitazama kitunguu. Mtoto akikalishwa kuulizwa hujiona yuko mahakamani, lakini mikono yake ikiwa na kazi na mkubwa yuko ubavuni, husema.

Kwetu ukitaja afya ya akili, watu wengi hufikiria Mirembe, hospitali ile ya Dodoma, kana kwamba akili huwa na afya pale tu inapoharibika. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Hatuwezi kuwapeleka wote Mirembe, wala hawahitaji. Wengi wanahitaji vitu vidogo vinavyofanyika kila siku kabla mambo hayajafika huko.

Wanorwei wameviweka vitu hivyo kwenye ratiba. Bergen mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, lakini watoto wa chekechea hutolewa nje kila siku, wamevikwa suti za mpira kama wavuvi, wachimbe matope. Wana usemi wao kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Wachanga hulazwa nje ndani ya vigari vyao, wamefunikwa vizuri, hata wakati wa baridi. Mara ya kwanza kuona hivyo nilitaka kuita polisi. Jumapili familia hupanda mlimani na chupa ya chai, huwasha moto, huchoma soseji vijitini. Nilidhani wanapenda milima. Sasa nikiwatazama namna baba anavyotembea na mwanawe, bega kwa bega, wote macho njiani, naona ni mbuzi yetu ya nazi, ila yao imetengenezwa kwa mlima.

Darasani nako kuna utaratibu. Tangu mwaka 2020 mtaala wa Norway una mada ya afya ya jamii na kumudu maisha, inayoingizwa ndani ya masomo mbalimbali. Katika shule ya msingi, mpaka darasa la saba, mtoto hapewi alama za kumpanga wa kwanza na wa mwisho. Mwalimu wa binti yangu ana kadi za nyuso ukutani: hasira, huzuni, woga, furaha. Kila asubuhi mtoto anaonyesha yake.

Nilipoziona kadi zile nilijiambia kimoyomoyo kwamba Kiswahili kingewajazia ukuta mzima. Mtoto anayenuna si sawa na anayesusa: wa kwanza amevimbisha mashavu lakini atakula, wa pili amekataa sahani. Anayedeka anataka abebwe. Anayesononeka hataki kitu, na huyo ndiye wa kuangaliwa. Utajiri wote huu tunao, lakini tunautumia kumsema mtoto: "Acha kudeka!" "Susa, tuone nani atalala njaa!" Ni mara chache tunampa maneno hayo ayatumie mwenyewe, aseme, "Mama, leo nasononeka." Hapo nimejifunza kwao bila kuona haya.

Na kuna jambo jingine nisilotaka kulipamba. Norway ilipiga marufuku kumchapa mtoto, hata nyumbani, tangu mwaka 1987. Tanzania kanuni bado zinaruhusu kiboko shuleni. Baraza letu lilikuwa na bibi, lakini nyuma ya mlango kulikuwa na fimbo, na wengi wetu tulijifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kusema. Anayesema zamani kila mtoto alilelewa na mtaa mzima asisahau kwamba mtaa huohuo ulikuwa na ruhusa ya kumchapa.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba tunaacha hata kile kilichokuwa kizuri. Mwaka jana nilikaa Dar es Salaam kwa kaka yangu. Mwanawe wa miaka saba huamshwa saa kumi na nusu alfajiri, basi la shule linampitia saa kumi na moja. Anarudi saa kumi na moja jioni, anaingia tuisheni, anafanya kazi za nyumbani, analala saa nne. Hizo ni saa sita na nusu za usingizi, wakati wataalamu wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Nilimuuliza kama anajua kucheza kombolela. Akaniuliza iko kwenye simu gani. Nazi inauzwa imeshakunwa, mchele umeshachambuliwa, na jikoni yupo dada wa kazi, mtoto haruhusiwi kumsumbua. Wazazi wengine waliwapeleka watoto bweni wakiwa hawajajua kufunga kamba za viatu, mpaka mwaka 2023 serikali ikazuia watoto wa awali hadi darasa la nne kulazwa bweni bila kibali. Wazazi wa Bergen wanatafuta kwa ratiba saa ya kukaa na mtoto, na sisi tunaiuza tununue tuisheni.

Kwetu sasa Jumamosi ni siku ya kusuka, hata nywele zikiwa bado nzuri. Mdogo wake, ambaye ni wa kiume na hana cha kusukwa, anakanda unga wa chapati. Mikono yake haifai kitu, lakini mdomo wake unafanya kazi nzuri. Kisha tunampigia bibi yao Tanga, simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Hatumpigii kumsalimia na kukata. Yeye anachambua mboga kule, sisi tunakanda huku, na vitendawili vinapita katikati. Ukishindwa unatoa mji, kama zamani. Siku moja binti yangu alishindwa, akampa bibi Bergen. Bibi akaukataa: "Mji gani huo wa mvua tupu? Niongezee mwingine!" Binti akacheka mpaka akalala chini. Nimeupenda mchezo huu kwa sababu mtoto anajifunza kusema "sijui" mbele ya watu, akalipa mji mmoja, na maisha yakaendelea. Aliyekuwa akijificha kwenye baiskeli kwa sababu hajui sheria za mchezo alilihitaji somo hilo kuliko dawa ya tumbo.

Mambo ya shule nayo yalitengenezeka. Nilimweleza mwalimu, akapanga watoto wawili wamfundishe mchezo ule. Tumbo liliendelea wiki kadhaa, likapungua, likaacha.

Nisieleweke vibaya, kusuka si tiba ya kila kitu. Mtoto akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, akijitenga na kila mtu, au akisema hataki kuishi, usimngojee Jumamosi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Tanzania na Kenya kuna namba ya bure ya huduma kwa mtoto, 116, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandike mahali anapoiona.

Kwa siku za kawaida, mzazi mwenzangu, uwe Temeke, Mombasa, Muscat au Minneapolis, nina ombi moja. Nunua nazi nzima wiki hii. Mpe mtoto mbuzi, wewe kaa pembeni yake na vitunguu, na usimuulize kitu. Nazi moja humchukua mtoto wa miaka minane karibu nusu saa kuimaliza.