Namba ya Kifungu ni Anwani ya Haki

Tumezoea kulijadili Bunge kwa yale linayoyapitisha, na mabaraza ya madiwani kwa yale yanayoyakataa. Ni mara chache tunajiuliza maandishi yenyewe ya sheria huandaliwaje: nani anaandika neno «Kifungu», nani anaweka namba mbele ya kichwa, na namba hiyo ikibadilika nani anamwambia mwananchi. Wanafunzi wangu huliona jambo hili kuwa la makarani na mafundi wa kompyuta. Nadhani ni la kisiasa, na nitaeleza kwa nini.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Musoma. Mtendaji mmoja wa kijiji katika upande wa Bunda, ambaye tunafahamiana kwa miaka mingi, alinipigia simu akaniomba niende nikamsomee karatasi. «Mwalimu,» aliniambia, «sheria zetu zimehama.»

Nilipofika nilimwelewa. Kijiji kilikuwa na sheria ndogo kuhusu mifugo inayoingia mashambani. Mfugaji mmoja alikuwa ametozwa faini, na hati ya faini ilitaja kifungu cha 11. Katika nakala iliyobandikwa ofisini, kifungu cha 11 kilihusu usafi wa visima. Mfugaji, mzee mtaratibu asiye na papara, alisema mbele ya wajumbe: «Wanangu, mimi sikuchafua kisima cha mtu.» Watu walicheka, lakini hoja yake haikuwa na jibu. Shauri likaahirishwa, na mama aliyeliwa mahindi akarudi nyumbani mikono mitupu.

Kilichotokea ni hiki. Rasimu ilipopelekwa kwenye halmashauri ili iidhinishwe, vifungu viwili viliongezwa mwanzoni. Programu ya kompyuta ilihesabu upya vichwa vyote peke yake: cha 9 kikawa cha 11, cha 11 kikawa cha 13. Hati za faini zilichapwa kutokana na rasimu ya zamani, ilhali nakala ya ukutani ilitokana na mpya. Ndani ya sheria yenyewe hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa maneno kama «kwa mujibu wa kifungu cha 7» yalikuwa yamechapwa kwa mkono. Vichwa vilisogea, marejeo hayo yalibaki yakielekeza mahali ambapo kifungu kilichokusudiwa hakipo tena.

Ndugu msomaji, hapa inafaa tuelewe kidogo utendaji wa vyombo hivi. Tangu mwaka 1998, ilipotangazwa rasmi, XML imekuwa njia kuu ya kuandika nyaraka zenye mpangilio. Mwandishi haandiki «Kifungu cha 9» kwa herufi nzito. Anaweka alama inayosema «hiki ni kifungu» na nyingine inayosema «hiki ni kichwa chake», na sura ya ukurasa hupangwa na faili jingine la mitindo. Faili hilo linaweza kuagizwa lihesabu vifungu na kutanguliza mbele ya kila kichwa neno na namba. Kwa kitabu cha mafunzo au ripoti, hiyo ni neema: ukiongeza sura katikati, zinazofuata hujipanga zenyewe. Marejeo nayo, yakiandikwa kwa kuelekezwa kwenye kitambulisho cha kudumu cha kifungu badala ya kuchapwa tarakimu, hufuata kifungu popote kiendako. Msiba wa kile kijiji ulitokana na kufuata nusu ya utaratibu: vichwa viliachiwa mashine, marejeo yakaachiwa kidole.

Lakini hata utaratibu huo ukifuatwa kikamilifu, sheria haifanani na kitabu cha mafunzo. Sheria ikishapitishwa, namba yake inakuwa mali ya umma. Imo katika hukumu, katika barua za kuitwa shaurini, katika kumbukumbu za mkutano wa kijiji. Mashine inaweza kusahihisha marejeo yaliyo ndani ya faili. Haiwezi kusahihisha karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa mfugaji.

Waandishi wetu wa Katiba walilijua hili. Mwaka 2000, walipoongeza ibara kuhusu mamlaka ya utoaji haki, hawakuisukuma Ibara ya 108, inayohusu Mahakama Kuu, iwe ya 109. Waliiita ibara mpya 107A. Herufi hiyo haipendezi machoni, lakini ni heshima kwa kila mtu aliyekwisha kuitaja Ibara ya 108.

Wataalamu walipokaa kutengeneza kanuni ya XML kwa ajili ya mabunge ya Afrika, walifikia busara ileile. Kanuni hiyo inaitwa Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan yenye maana ya mioyo iliyounganika. Ilizaliwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuyasaidia mabunge ya bara hili, na mwaka 2018 ikatambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa. Ndani yake namba na kichwa ni vitu viwili tofauti, na vyote viwili huandikwa kama sehemu ya maandishi ya sheria. Namba haiachwi ibuniwe wakati wa kuchapa. Tena, kifungu kikipewa namba mpya, kanuni ina nafasi ya kuhifadhi kitambulisho kilichokuwa nacho awali.

Somo hili linatuhusu sasa. Katika urekebu wa mwaka 2002 sheria zetu zilipangiwa Sura: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyokuwa Na. 5 ya mwaka 1999, ikawa Sura ya 114. Toleo la urekebu la mwaka 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limezipangia upya namba za vifungu baadhi ya sheria. Sipingi urekebu, nyumba inayokaliwa hufagiliwa. Ninachouliza ni nani anampelekea mtendaji wa kijiji jedwali la kumwonyesha kwamba kifungu alichokizoea sasa kinaitwa hivi. Wakili wa mjini atalipata. Mjumbe wa baraza la kata je?

Lipo pia suala la lugha. Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri ni kubwa. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa kufikiria Kiingereza hujua kutanguliza neno moja likifuatwa na tarakimu. Kiswahili hakikubali. Tunasema Sehemu ya Kwanza, Kifungu cha 3, Jedwali la Pili, Mchoro wa 4. Kiunganishi hufuata ngeli, na Kwanza na Pili hazitokani na moja na mbili kama Tatu inavyotokana na tatu. Faili la mitindo lisilofundishwa hayo litatuandikia «Kifungu 3» au, vibaya zaidi, «Jedwali ya Pili», na baada ya miaka michache tutaambiwa kwamba hicho ndicho Kiswahili cha sheria. Kumfundisha mashine ngeli ni kazi ya siku chache kwa mtu anayejali. Kuondoa kosa lililokwisha kuchapwa katika maelfu ya kurasa ni kazi ya kizazi.

Niliporudi kutoka Bunda nilipitia Butiama, na huko huwezi kukwepa kulifikiria Azimio la Arusha. Lilitangazwa mwaka 1967 likiwa na sehemu tano, na ya tano ndiyo iliyobeba masharti ya uongozi. Wapo waliolipenda na waliolichukia, lakini aliyetaka kumkumbusha kiongozi masharti hayo aliweza kumwonyesha Sehemu ya Tano, na wote wawili wakawa wanatazama ukurasa mmoja. Ubishi wa kiraia huanzia hapo.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa halmashauri mambo matatu. Rasimu ihesabiwe na mashine, lakini siku sheria ndogo inapoidhinishwa namba zake zifungwe. Kifungu kinachoongezwa baadaye kipewe herufi, kama 107A. Na pale ambapo kupanga upya hakuepukiki, namba ya zamani iandikwe pembeni ya mpya, katika nakala ileile inayobandikwa ukutani.

Wanaharakati nao waongeze swali moja wanapotembelea vijiji: nakala iliyopo ofisini inalingana na ile iliyoidhinishwa wilayani? Halihitaji bajeti. Yule mtendaji alichukua kalamu nyekundu akaandika namba za zamani mbele ya vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, na wiki iliyofuata shauri la mahindi likasikilizwa upya.